KANDA ZA MASHEIKH ZETU: AMANA INAYOHARIBIKA KABATINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani na tumekisahau. Katika boksi chini ya kitanda cha mzee, au kwenye kabati la madrasa, kuna kanda za kaseti. Ndani yake mna darsa za tafsiri, khutba na mihadhara ya watu ambao wengi wao leo wako makaburini. Kabla ya kusema tuzifanyeje, turudi kwenye historia, kwani umma huu umeshapita njia hii zaidi ya mara moja.

MARA YA KWANZA: YAMAMA. Mwaka wa 12 Hijria (633 Miladia), katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (R.A.), waliuawa mahafidhi wengi katika vita vya Yamama. Sayyidna Umar (R.A.) akaingiwa na hofu: wakiendelea kuondoka hivi, mengi katika Qur'ani yataondoka nao. Akamshauri Khalifa ikusanywe. Abubakar alisita mwanzo, vipi afanye jambo ambalo Mtume (S.A.W.) hakulifanya? Kisha Allah akamfungulia kifua, na kazi akapewa Zaid bin Thabit (R.A.). Tazameni uangalifu wake: Zaid alikuwa mwandishi wa wahyi, lakini hakutosheka na alichokijua yeye. Alifuatilia kilichoandikwa juu ya makuti na mawe, na kilichomo vifuani mwa watu.

MARA YA PILI: HADITHI. Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala mwaka 99 hadi 101 Hijria, alimwandikia Abubakar bin Hazm wa Madina azitafute hadithi za Mtume na kuziandika. Sababu ni ile ile: alihofia elimu isipotee kwa kuondoka wanavyuoni.

MARA YA TATU: SAUTI. Huko Misri, Labib as-Said alitoa rai mwaka 1959 kwamba Qur'ani nzima irekodiwe kwa kisomo cha tartili. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary akaisoma kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, na mwaka 1961 santuri zake zikatoka. Labib aliiita kazi hiyo mkusanyo wa kwanza wa sauti, akiifungamanisha na ule wa Abubakar. Mwaka 1964 Cairo ikafungua redio maalumu ya Qur'ani.

Mnaona, ndugu zangu? Mara zote tatu jambo lilianzia kwa mtu aliyeogopa hasara kabla haijatokea.

KISHA IKAJA KASETI. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963. Santuri ilihitaji kiwanda, na redio ilikuwa mikononi mwa serikali. Kaseti ilihitaji redio mbili tu na mtu mwenye subira ya kunakili. Sheikh Abdul Hamid Kishk wa Cairo, aliyekuwa kipofu, khutba zake zilizunguka ulimwengu wa Kiarabu kwa kaseti katika miaka ya 1970. Sadat alipomtia jela mwaka 1981, sauti yake iliendelea kusikika majumbani. Kwetu pia, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, kanda za mawaidha ziliuzwa nje ya misikiti baada ya sala ya Ijumaa. Watu ambao hawakuwahi kukaa mbele ya sheikh walisoma kwake kwa njia hiyo.

Lakini kaseti ina umri. Sauti imehifadhiwa katika unga wa sumaku uliogandishwa juu ya utepe mwembamba usiofika milimita 4. Joto na unyevu wa pwani huleta ukungu, gundi huachia, utepe hukatika. Na mashine nzuri za kuzichezea zinazidi kuadimika.

TUFANYE NINI?

1. Vunjeni vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya.

2. Safisheni kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Kanda yenye ukungu msiicheze. Mpeni fundi anayejua.

3. Unganisheni mashine na kompyuta kwa waya, mtumie programu ya kurekodi kama Audacity, ambayo ni ya bure. Hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 90 itachukua dakika 90. Sauti isiyobanwa, kwa kiwango cha CD, itachukua karibu megabaiti 950. Hiyo ndiyo ya kuweka. Ya kutumiana kwenye simu ifanyeni ndogo baadaye.

4. Wekeni nakala sehemu mbili tofauti, na kanda yenyewe msiitupe.

5. Andikeni nani anazungumza, wapi, mwaka gani, kitabu gani, na kanda imetoka kwa nani. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Umma wetu ndio uliojifunza kuuliza, "Umelipata kwa nani?" Kanda isiyo na jina ni kama hadithi isiyo na sanad. Na wazee wanaoitambua sauti wanaondoka kabla ya kanda zenyewe kukatika. Kaeni nao wiki hii, wasikilizeni wakitaja majina.

Na kuna adabu zake. Msikate maneno ya sheikh mkaacha nusu yanayowafurahisha; atakuja kudai haki yake siku ambayo hamna cha kumlipa. Kama ndani ya kanda mna siri ya mtu, swali la ndoa au ugomvi wa familia, hiyo ni amana, haisambazwi. Waulizeni watoto wa marehemu kabla ya kuiweka mitandaoni.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba elimu yenye manufaa ni katika yale ambayo thawabu zake hazikatiki kwa kifo. Sheikh ameshafanya sehemu yake. Asiposikika tena, isiwe kwa sababu sisi tulishindwa kupata dakika 90.

Ewe Allah, warehemu walimu wetu, na utujaalie tuwe watunzaji wa amana zao. Amin.

Wallahu a'lam.