Kakamega Wakati wa Masika

Juma la mwisho la Desemba Kakamega haipitiki. Mabasi kutoka Nairobi na Mombasa huingia yamejaa hadi mlangoni, nauli zimepanda, na waliotoka nyumbani miaka mingi hurudi na watoto wasiojua njia ya kwenda kisimani. Kuku hawana usalama. Januari na Februari, miezi mikavu kuliko yote, huleta wageni wa aina nyingine: Wazungu wenye darubini shingoni, waliokuja kutafuta ndege wa msituni. Halafu Machi mawingu hukusanyika, Aprili na Mei mvua hushika kasi, na wote hao huwa wameshaondoka. Hata mbayuwayu wa Ulaya, waliokimbilia Afrika Mashariki kukwepa baridi, huwa wamerudi kwao.

Msimu huo ndio unaomfaa mgeni anayefuata historia. Wapenzi wa miji ya sanaa ya Italia wana mazoea kama hayo: huenda Florence au Venice mwezi wa Januari, baridi ikiwa kali na foleni zikiwa fupi. Venice ilizidiwa na watu, na mwaka 2024 ikaanza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 kwa siku za msongamano. Kakamega haijafika huko, wala haina kuba za marumaru za kujivunia. Majengo yake mengi ni ya juzi. Kilichoufanya mji huu kimo katika mchanga wa mito, udongo wa mfinyanzi, miti na mwamba, na vyote hivyo huonekana vizuri zaidi vikiwa vimelowa.

Kulowa si jambo la bahati nasibu huku. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kilomita 50 kaskazini mwa Kisumu, na eneo lake hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda bara ukakutana na ule wa nyanda za juu za Nandi, na hapo mawingu hurundikana. Asubuhi anga huwa safi kiasi cha kumdanganya mgeni. Ikifika saa nane au saa tisa, ngurumo huanza, mara nyingine pamoja na mvua ya mawe, na waendesha bodaboda hujibanza kwenye mabaraza ya maduka wakiziacha pikipiki zioge. Mwenye shughuli ya maana ameshaimaliza kabla ya adhuhuri.

Mji wenyewe bado ni mchanga ukilinganishwa na jirani yake Mumias, kilomita 35 hivi upande wa magharibi. Kabla ya reli, Mumias ndiyo iliyokuwa kitovu: makao ya Nabongo, mfalme wa Wanga, na kituo cha misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliokuwa wakienda Buganda. Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883. Askofu James Hannington naye alipita mwaka 1885, akaendelea hadi Busoga alikouawa mwezi wa Oktoba. Waingereza walipoleta utawala wao miaka ya 1890, wakiongozwa na C. W. Hobley, walijenga kituo papo hapo, karibu na Nabongo Mumia, na mwaka 1909 wakamtawaza Chifu Mkuu. Lakini reli ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901 na misafara imekufa. Mwaka 1920 makao ya wilaya ya North Kavirondo yakahamishiwa Kakamega. Uislamu ulioletwa na misafara ulibaki Mumias na upo hadi leo. Aliye na siku ya ziada afike huko, kisha Matungu, walikozikwa wafalme wa Wanga. Mafaili ya serikali, hata hivyo, yalikwenda Kakamega. Kwa miaka kumi na mmoja mji mpya ukawa kituo cha serikali kama vingine vingi: ofisi, maduka machache, na mvua.

Kisha ikaja dhahabu.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, mlowezi kutoka pande za Eldoret, alipata chembe za dhahabu kwenye mchanga wa mito ya Kakamega. Habari hizo zilifika wakati ambapo walowezi walikuwa hoi. Bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeporomoka kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia, nzige walikuwa wamekula walichokula, na benki zilikuwa zinadai. Mtu aliyeshindwa kulipia trekta alifunga nyumba, akapakia hema na karai, akashika njia ya Kakamega. Kufikia mwaka 1932 mamia ya Wazungu walikuwa wamepiga kambi kando ya vijito, kila mmoja na vibarua wake, wakiosha mchanga na kupigilia vigingi vya mipaka katika mashamba ambayo wenyewe walikuwemo, wakilima.

Hapo ndipo historia ya mji huu inapoacha kuwa kichekesho cha watu wenye tamaa. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria iliyoahidi kwamba ardhi za hifadhi ni za Waafrika milele. Kipande kikichukuliwa kwa ajili ya umma, kingine kingeongezwa mahali pake, na baraza la wenyeji lingeshauriwa kwanza. Desemba 1932 sheria hiyo ilirekebishwa haraka haraka: sasa mwenye shamba angeweza kulipwa fedha badala ya ardhi, na ulazima wa kulishauri baraza ukaondolewa. Milele ilikuwa imedumu miaka miwili. Kelele zilipigwa hadi London, ndani ya Bunge na nje yake. Wakati huohuo tume ya Sir Morris Carter ilikuwa ikizunguka Kenya kusikiliza madai ya ardhi. Katika nyumba za Waluhya, wenyeji wa hapa, somo lilieleweka bila mwalimu. Chama cha North Kavirondo Central Association, kilichokua katika miaka hiyo kikiwa na viongozi waliosoma kwa misheni ya Quaker ya Kaimosi, kilipata chakula chake cha kwanza cha kisiasa katika hofu hiyo ya vigingi.

Wachimbaji wa karai hawakudumu. Dhahabu ya mchangani iliisha upesi, na iliyobaki ilikuwa ndani ya miamba, chini, mahali panapohitaji mitambo, baruti na mtaji. Kampuni kubwa kama Tanganyika Concessions zikaingia, na walowezi wengi wakarudi kwenye mahindi yao. Mgodi uliojulikana kuliko yote ulikuwa Rosterman, nje kidogo ya mji. Maelfu ya Waafrika walifanya kazi katika migodi ya Kakamega miaka ya 1930. Kwa wengi wao huo ulikuwa mshahara wa kwanza kupatikana karibu na nyumbani, bila kwenda kwenye mashamba ya Wazungu ng'ambo ya Nandi. Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Leo jina hilo ni la mtaa, na ukimuuliza mwendesha bodaboda akupeleke huko atakuuliza unataka nyumba ya nani. Mji wenye hadithi ya namna hii ungestahili kuitangaza kwa sauti kubwa zaidi.

Wakati wa masika, hata hivyo, hadithi inajitangaza yenyewe. Mvua kubwa hukwangua kingo za vijito na kuleta mchanga mpya, na wachimbaji wadogo wa eneo la Ikolomani, wanawake wengi miongoni mwao, huuosha kwa karai jinsi ulivyooshwa mwaka 1931. Wengine hutwanga mawe na kukamatisha chembe kwa zebaki, sumu inayoshikwa kwa mikono mitupu. Msimu huu una hatari yake: udongo uliolowa huporomoka, na shimo lisilo na nguzo si mahali pa mtu kuingia. Mgeni atazame akiwa juu.

Nguzo za migodi ya kale zilitoka msituni, na msitu huo ndio unaoleta wageni wengi Kakamega. Ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha misitu ya mvua iliyowahi kutanda kutoka Kongo hadi huku. Kilomita za mraba zinazotajwa ni kama 240, ingawa sehemu ya hizo imeshageuka vichaka, chai na miti ya kupandwa. Serikali ya kikoloni iliutangaza rasmi kuwa hifadhi mwaka 1933, dhahabu ikiwa imepamba moto na mashoka yakilia. Upande wa kaskazini, Buyangu, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1985, chini ya idara ya wanyamapori. Kusini, Isecheno, uko chini ya idara ya misitu. Mgawanyo huo wa idara mbili katika msitu mmoja humchanganya mgeni mlangoni, lakini nyani hawaujali.

Kati ya Aprili na Juni njia za msituni huwa tope hadi kifundoni, na viatu vya mpira ni bora kuliko vya bei ghali. Malipo yake ni vipepeo. Kakamega ina zaidi ya aina 400 za vipepeo, nao hupenda unyevu. Jua likichomoza baada ya mvua hukusanyika kwa makundi kwenye madimbwi ya barabarani, wakinyonya chumvi. Mbega weusi kwa weupe hukaa juu wakikausha manyoya. Ndege mkubwa wa rangi ya buluu, jamaa ya shorobo, huonekana kwa urahisi asubuhi katika miti inayozaa. Kisere, kipande kidogo cha msitu kaskazini, ndiko wanakoishi kima wa De Brazza, wenye ndevu nyeupe kama za mzee wa baraza. Njiani watoto huuza vifungu vya mukombero, mizizi inayotafunwa na inayosifiwa kwa mambo ambayo makala haya hayataingilia.

Karibu na Isecheno kuna Rondo, nyumba iliyojengwa mwaka 1948 na mwenye kiwanda cha mbao. Inasimuliwa kwamba mkewe alitaka nyumba ikae chini ya mti mkubwa, na mti huo ukaachwa. Baadaye nyumba iliingia mikononi mwa Wakristo, na sasa ni mahali pa kulala wageni. Aliyepata utajiri kwa kukata msitu ndiye aliyewaachia wapenda ndege dari bora ya kukaa chini yake mvua inapolia juu ya bati. Katika Desemba vyumba hujaa. Mei mtu huchagua.

Ukirudi barabara ya Kisumu unakutana na Ilesi. Hapo ndipo linaposimama Jiwe la Kulia, Ikhongo Murwi, mwamba wa mita 40 hivi wenye jiwe jingine kichwani mwake, na maji yakitiririka kutoka kwenye mfereji ulio kati yao. Masimulizi yanasema ni msichana aliyekatazwa na babaye kuolewa na aliyempenda, akageuka jiwe akilia. Anayepita Januari huona alama nyeusi tu juu ya mwamba, akasita kuamini. Anayepita Mei haambiwi kitu.

Chini ya mwamba huo kuna wafinyanzi. Wanawake wa Ilesi wana sifa ya vyungu na mitungi yao, na wateja husimamisha magari barabarani. Masika huwapa shida: chombo hakikauki, na chombo kibichi kikitiwa motoni hupasuka. Hivyo vyungu huanikwa asubuhi, hurudishwa ndani mchana, kesho yake tena, mpaka fundi aridhike. Kilomita chache mbele, Mukumu, kuna kanisa la matofali mekundu katika misheni iliyoanzishwa na mapadri wa Mill Hill mwaka 1906. Kwa anayetafuta kitu cha kufananisha na Italia, hapo ndipo pa kuanzia na pengine pa kuishia.

Mapigano ya fahali ni jambo la alfajiri. Waluhya wa Isukha na Idakho huwakutanisha fahali kwa fahali katika viwanja vya Khayega, Shinyalu na Malinya. Hakuna upanga wala mtu mwenye joho jekundu kama Hispania. Fahali akikimbia, ameshindwa, na mwenyewe atakuwa na wiki ndefu. Wanyama hao hulindwa na kulishwa kama mabondia, na zamani kuwashindanisha kulihusishwa sana na mazishi ya wazee. Huletwa kiwanjani kwa isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe, njuga na mbio za umati mzima. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa kuwa mafundi wazee wanakufa na wachache wanarithi. Aliyebanwa katikati ya umati wa Malinya saa moja asubuhi, tope limemrukia hadi shingoni, atapata shida kuamini kwamba ngoma hiyo ni mgonjwa.

Malinya iko Ikolomani, na huko dhahabu imeanza upya kwa sura ya kampuni. Uchunguzi katika maeneo ya Isulu na Bushiangala ulifanywa kwanza chini ya kampuni ya Acacia, ukapita kwa Barrick, na mwaka 2020 mradi ukanunuliwa na Shanta Gold. Kilichogunduliwa ni dhahabu ya kutosha kuchimba mgodi wa kisasa, chini ya migomba, nyumba na makaburi ya watu. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii inayoishi pale. Katika vibanda vya chai vya Isulu hesabu hiyo inajulikana vizuri, na mabishano ni juu ya mambo ambayo asilimia haziyataji: fidia ya shamba lisilo na hati, mahali pa kuhamia, na nani atakayeyahamisha makaburi.