Kutoka Maandishi ya Lori hadi Pikapu Nyeusi Tii: Rangi za Magari Kitale na Bungoma

Pikapu nyeusi ambayo grili, bampa, rimu, nembo na vishikio vya milango vimepakwa weusi vilevile, na vioo vyake vimewekwa tinti, ni mtindo mgeni kiasi katika miji ya magharibi mwa Kenya. Ufundi unaouzaa mtindo huo si mgeni. Ulikua miaka mingi kwenye malori ya mizigo na matatu, magari ambayo wenyewe walitaka yaonekane na kusomeka kutoka mbali.

Kitale na Bungoma zilijengwa na usafirishaji. Tawi la reli lilifika Kitale mwaka 1926 ili kubeba mahindi ya mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, na mwishoni mwa muongo huohuo reli kuu inayopita Bungoma ikaunganishwa na Uganda. Baadaye barabara ikaipiku reli. Bungoma iko kwenye njia ya malori yanayotoka Mombasa kwenda mpaka wa Malaba. Kitale ni lango la kaskazini, kwa barabara ya Kapenguria na Lodwar, iliyobeba shehena nyingi za misaada tangu shughuli za kusaidia kusini mwa Sudan zilipoanza kupitia Lokichoggio mwaka 1989 na kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992. Viwanda navyo vilileta malori yake: cha karatasi Webuye kilihitaji magogo, na cha sukari Nzoia kilihitaji miwa.

Lori la aina hiyo mara nyingi halikutoka kiwandani likiwa kamili. Kampuni ya General Motors Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilianza kuunganisha magari Nairobi mwaka 1977, na malori ya Isuzu yakawa mengi barabarani. Mnunuzi alipata kichwa na chesi, kisha akampelekea fundi wa bodi amjengee sanduku la mbao au chuma. Baada ya seremala na mchomeleaji, kazi ilimfikia mpiga rangi. Yeye ndiye aliyeandika mlangoni jina na anwani ya mwenye gari pamoja na uzito wa gari tupu. Palipobaki nafasi aliongeza methali, aya ya kitabu kitakatifu, jina la mtoto au la kijiji, na mistari ya rangi kwenye mbao za ubavuni. Rangi ilikuwa tangazo la biashara: mkulima mwenye magunia alilitambua lori la mtu anayemwamini kabla halijasimama.

Matatu zilisukuma mapambo mbali zaidi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, idadi yake ikapanda, na ushindani ukahamia kwenye muziki na michoro. Serikali ilijibu miongo mitatu baadaye. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004, ziliagiza mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa njano wenye upana wa milimita 150 kuzunguka gari. Michoro mingi ikafutwa. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alijitokeza kuwatetea vijana wachoraji, na michoro ikarudi. Misukosuko hiyo haikuligusa gari la mtu binafsi kwa namna ileile. Fundi aliyenyimwa matatu aliweza kuhudumia pikapu ya mfanyabiashara au ya mkulima, na wateja wa aina hiyo mara nyingi hupendelea rangi moja tulivu.

Weusi wenyewe una historia ndefu. Kati ya mwaka 1914 na 1925 gari la Ford Model T liliuzwa kwa rangi nyeusi pekee, kwa kuwa rangi hiyo ilikuwa rahisi na imara na iliendana na kasi ya kiwanda. Mwaka 1923 rangi ya Duco iliyotengenezwa na DuPont ilianza kutumika kwenye magari ya General Motors. Ilikauka kwa saa badala ya siku nyingi, na rangi za kila aina zikawezekana. Kromu ikafuata, na mng'ao wa bampa ukawa alama ya ukwasi, huku weusi ukibaki kwa magari ya wakubwa na ya mazishi. Marekani ndiko kromu ilikoanza kukataliwa: Buick Grand National ya miaka ya 1984 hadi 1987 iliuzwa nyeusi tupu, pamoja na sehemu ambazo awali zingeng'aa. Baadaye watengenezaji wa pikapu nao wakaanza kutoa matoleo yenye grili na rimu nyeusi kutoka kiwandani.

Kwenye karakana ya jua kali kazi huanza kwa kubomoa. Grili, taa na nembo hutolewa, kisha kila kipande hupigwa msasa. Kromu ndiyo sugu kuliko zote: ni laini mno kushika rangi, hivyo isipokwaruzwa vizuri na kupakwa praima maalumu, rangi hubanduka vipande vipande kwa kokoto za barabarani. Vioo na raba hufunikwa kwa magazeti na maski tepu. Rangi huchanganywa na thina, hupulizwa kwa kompresa tabaka baada ya tabaka jembamba, na mwisho hupigwa vanishi. Anayetaka weusi usiong'aa huchagua vanishi ya mati, na hapo hakuna kusugua kwa nta, kwa maana nta huacha mabaka yanayong'aa. Njia ya pili ni kufunika bodi kwa stika ya plastiki, ambayo huweza kubanduliwa gari linapouzwa.

Mazingira hayaupendi mtindo huu. Vumbi jekundu la barabara za murami huonekana wazi juu ya weusi, na kitambaa kikavu kikipitishwa juu yake huacha michirizo. Lazima vumbi lioshwe kwa maji mengi kwanza. Jua nalo hupausha plastiki na kuipasha bodi nyeusi joto kuliko nyeupe.

Sheria huweka mipaka pia. Rangi ya gari imeandikwa kwenye kitabu cha umiliki, na mabadiliko yanapaswa kuripotiwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Tinti imepigwa marufuku kwenye magari ya abiria. Nambari za usajili lazima zisomeke, na malori makubwa hayaruhusiwi kufunika mistari ya kuakisi mwanga, myekundu na ya njano, iliyo nyuma. Taa za nyuma zilizopakwa weusi ndizo hatari zaidi, kwa sababu breki ya ghafla haionekani mapema kwa lori zito linalofuata, hasa usiku au wakati wa mvua.