Sarafu za Mahameni na Ushahidi Wake

Neno mahame latokana na kitenzi hama, nalo lataja mahali palipokaliwa na watu kisha wakapaacha. Jirani yake ni ganjo, ambalo hutumiwa kwa makazi yaliyokwisha kuwa magofu. Mwambao wetu una mahame mengi, tangu visiwa vya Lamu hadi Kilwa na kuendelea kusini, na wenyeji wamezoea kuyapita kwa hadhari, kwani huaminika kuwa yana wenyewe. Hadhari hiyo yaanza kupungua. Makala haya yanakusudia kueleza hasara ipatikanayo pale sarafu ya kale inapong'olewa ardhini bila ya kuandikwa ilikotoka, na kwa nini hasara hiyo yatuhusu sisi tunaofundisha lugha wala si wachimbaji wa mambo ya kale peke yao.

Nilizindukana katika jambo hili nilipozuru ganjo moja la mwambao wa kusini, upande wa Tanzania, ambalo sitalitaja jina, maana kulitaja ni kulielekeza. Kijana mmoja wa hapo aliniamkia, akanionyesha mkebe wa maziwa ya unga. Alikuwa ameazima mashine ya kutafutia dhahabu, ile waitumiayo wachimbaji wadogo wa bara. Mkebeni mlikuwa na misumari, maganda ya risasi, senti kumi yenye tundu ya enzi ya Waingereza, pesa mbili za Seyyid Barghash zenye mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882, na visarafu vinne vya shaba vya Kilwa, ambavyo alikuwa amevisugua kwa limau na majivu hata vikang'aa. "Mwalimu," aliniuliza, "hivi vina bei gani?"

Mashine yenyewe haina uchawi. Koili yake hutoa mawimbi ya sumaku. Yakikuta metali ardhini huzusha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo ndio unaorudi masikioni kwa mlio. Kitu kidogo kama sarafu hakisikiki kikiwa mbali sana chini, mara nyingi hakizidi kina cha shubiri moja au zaidi kidogo, na mchanga wenye chumvi ya bahari huikanganya mashine. Yaani huokota vile vilivyo juu juu, na hivyo ndivyo vinavyosimulia siku za mwisho za mji kabla haujahamwa.

Sasa tuitazame sarafu ya Kilwa. Ni ndogo, ya shaba, na haikuandikwa mwaka wala mji ilikopigwa. Upande mmoja una jina la mfalme pamoja na la babaye. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu. Hayo tu. Kwa hiyo sarafu hii haiwezi kutuambia umri wake kwa kinywa chake. Umri wake husemwa na tabaka la udongo lililoilalia, na vigae na shanga zilizolala nayo. Mtu akiichomoa kwa kisu akaondoka nayo, ameacha kalenda yake shimoni.

Mfano ulio bora kabisa ni wa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake 1974, alimweka Ali bin al-Hasan, mfalme mashuhuri wa kale wa Kilwa, kwenye mwaka wa 1200 hivi. Hoja zake zilikuwa nzito, na wengi wetu tulifundishwa hivyo. Mwaka 1984 huko Mtambwe likapatikana fungu la sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina hilo la Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari za dhahabu zilizotoka ng'ambo. Dinari, tofauti na sarafu za kwetu, huandikwa miaka. Zikamrudisha Ali bin al-Hasan karne ya 11. Mfalme alisogezwa kwa zaidi ya miaka mia, si kwa sarafu moja nzuri bali kwa kukutwa zimelala pamoja. Lau mtu angalizitangulia kwa mashine, akauza za dhahabu Unguja na za fedha kwa watalii, Ali bin al-Hasan angalikuwa bado yupo mwaka 1200.

Kinyume cha Mtambwe ni Marchinbar, kisiwa kimoja cha kaskazini ya Australia. Huko, mwaka 1944, askari aitwaye Maurie Isenberg aliokota mchangani sarafu tisa, nne za Kidachi na tano za Kilwa. Alizihifadhi bila ya kujua ni nini mpaka 1979. Mpaka leo wataalamu wabishana zilifikaje huko, na vitabu vimekwisha kuandikwa, baadhi yao vikiwa na ndoto kuliko ushahidi. Sarafu zipo, hazina shaka. Kisichokuwapo ni udongo wake. Ilhali sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa 1331, ilipatikana Great Zimbabwe, na mahali ilipopatikana pekee pametosha kuwa hoja katika habari za biashara ya dhahabu kati ya bara na pwani.

Nirejee kwetu katika lugha. Maneno ya pande mbili za sarafu za Kilwa na za Mtambwe yana vina: sifa ya Mungu upande mmoja imechaguliwa ili iishie kwa sauti ile ile liishiayo jina la mfalme upande wa pili. Lugha yake ni Kiarabu, na sithubutu kuuita huo ushairi wa Kiswahili. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba hati ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Hapa tuna watu wa mwambao huu huu, karne sita na ushei kabla ya hapo, wanaoona kuwa hata kipande cha shaba kipitacho mikononi mwa mchuuzi wa samaki hakijakamilika mpaka kiwe na kina. Tena ni kina kinachomlazimu msomaji kuigeuza sarafu ndipo akipate. Sijui kwa nini wanahistoria wa fasihi yetu wamekipita jambo hili kwa haraka. Labda kwa sababu sarafu hukaa katika makabati ya idara nyingine. Ikiwa twataka kujua desturi hiyo ilianza wapi na ilifuata njia gani mwambaoni, twahitaji tarehe, na tarehe zimo udongoni.

Sheria zipo. Ile ya Kenya ya 2006 huhesabu kuwa ni kitu cha kale chochote kihamishikacho kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na Tanzania ina yake tangu 1964. Pande zote mbili hapana ruhusa ya kuchimba bila ya kibali. Lakini kumsomea kijana asiye na kazi vifungu vya sheria ni rahisi mno kwa mtu mwenye mshahara, nami sikufanya hivyo. Nilimsomea majina. Alipotambua kuwa vitatu vina jina la al-Hasan bin Sulaiman aliuliza kama ndiye aliyejenga kasri la Husuni Kubwa, nikamjibu kwamba wengi ndivyo wanavyoona. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tutoke kabla ya maji kujaa.

Alinionyesha mashimo yake chini ya ukuta ulioelekea bahari. Tulipima kila moja kwa kamba, kina chake na umbali wake kutoka pembe ya ukuta, nikaandika katika daftari la mahudhurio ya wanafunzi, kwa kuwa sikuwa na jingine. Karatasi hizo na mkebe tulivipeleka pamoja kwa ofisa wa mambo ya kale. Visarafu vitatu vimeandikiwa mahali pake. Cha nne hakukumbuka alikitoa katika shimo lipi.