Shamba Moja, Ndugu Wawili: Historia ya Ukoo wa Mondavi

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba makala ya historia, nilichagua habari ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wazee wenzangu, nayo ni historia ya ukoo mmoja wa watengenezaji wa mvinyo katika jimbo la California, Marekani. Nawaomba walimu wasiwe na wasiwasi, kwani sikusudii kuwafundisha vijana kunywa. Shuleni tulisoma habari za wafalme, vita na mikataba, na ilikuwa haki tuzisome. Lakini ukoo nao una waasisi wake, vita vyake na mikataba yake, na mara nyingi historia ya namna hiyo ndiyo inayotugusa zaidi turudipo nyumbani.

Mwasisi wa ukoo huu ni Cesare Mondavi, aliyezaliwa mwaka 1883 huko Sassoferrato, mji mdogo wa Italia. Mwaka 1906 alivuka bahari kwenda Marekani kutafuta maisha, akafikia Minnesota penye machimbo ya chuma. Mwaka 1908 alirudi kwao kumwoa Rosa Grassi, akaja naye ugenini. Rosa alikuwa akipika na kufua kwa ajili ya wachimbaji waliopanga nyumbani kwao. Walijaliwa watoto wanne, mabinti wawili, Mary na Helen, kisha Robert mwaka 1913 na Peter mwaka 1914.

Jambo lililougeuza ukoo huu kuwa wa zabibu ni sheria iliyokusudiwa kuua biashara ya mvinyo. Mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1933. Hata hivyo sheria iliacha mwanya, kwa kuwa mkuu wa kaya aliruhusiwa kusindika nyumbani maji ya matunda hadi galoni 200 kwa mwaka. Waitaliano wa machimboni, ambao kwao chakula bila mvinyo si chakula, walimtuma Cesare aende California akawanunulie zabibu. Alipofika aliona biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alihamishia jamaa yake Lodi, California, akawa anapeleka zabibu kwa reli hadi miji ya mashariki. Wakati wa likizo Robert na Peter walipigilia misumari makasha ya zabibu, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake. Mzazi yeyote angeyaona mashindano hayo akafurahi, kwani kazi ilikwenda.

Wavulana hao wote wawili walisoma Chuo Kikuu cha Stanford. Peter alijishughulisha na elimu ya kuchachusha mvinyo katika ubaridi, ili mvinyo mweupe usipoteze harufu na ladha ya tunda. Robert alikuwa mtu wa maneno, wa safari na wa masoko. Mwaka 1943 Robert alisikia kwamba kiwanda cha Charles Krug kinauzwa. Kiwanda hicho kilichopo katika bonde la Napa kilianzishwa mwaka 1861 na mhamiaji kutoka Prussia mwenye jina hilo. Alimshawishi baba yake, nao wakakinunua kwa dola 75,000. Peter aliporejea kutoka jeshini baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi iligawanywa, Robert akashika uongozi na mauzo, Peter akashika utengenezaji. Kwa miaka mingi mpango huo ulizaa matunda.

Cesare alifariki mwaka 1959, na Rosa akawa mkuu wa kampuni. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba nguzo ya nyumba ilikuwa mtu, wala si utaratibu. Robert alitaka kutumia fedha nyingi, asafiri, atangaze, atengeneze mvinyo wa kushindana na ule wa Ufaransa. Peter alitaka kwenda polepole na kuepuka madeni. Kila mmoja alikuwa na hoja. Aliyeweza kuwaambia "basi, yatosha" alikuwa kaburini.

Mwaka 1963 Robert alialikwa na mkewe kwenye dhifa ya Ikulu ya Marekani, akamnunulia mkewe koti la manyoya la bei kubwa. Koti hilo likawa neno. Mwezi Novemba 1965, jamaa walipokusanyika, Peter alimshutumu kaka yake kwamba anatapanya fedha za kampuni. Maneno yalizidi, na Robert, mtu wa miaka 52, akampiga ndugu yake ngumi. Baada ya hapo aliondolewa katika kazi, na akaelezwa kwamba hata mwanawe Michael hatapata nafasi kiwandani hapo. Mama alisimama upande wa Peter.

Mwaka uliofuata, 1966, Robert alianzisha kiwanda chake huko Oakville, mwendo mfupi tu kutoka Krug. Kilikuwa kiwanda kikubwa cha kwanza kujengwa upya katika bonde la Napa tangu marufuku ya pombe ilipokwisha. Sifa zake zilienea haraka. Mwaka 1979 aliingia ubia na Baron Philippe de Rothschild wa Ufaransa, na mvinyo wao, Opus One, ukawa ushahidi kwamba California inaweza kukaa meza moja na wakongwe wa Ulaya.

Wakati huo kesi ilikuwa imekwisha kupita mahakamani. Mwaka 1976 Rosa alifariki, na mwaka huo huo jaji alimpa Robert ushindi dhidi ya ndugu yake. Peter alilazimika kuwalipa wenziwe hisa zao, na mzigo wake ulikuwa mzito. Lakini hakukiachia kiwanda.

Sasa, ndugu msomaji, tazama mwisho wa mambo. Robert aliyeshinda aliwakabidhi uongozi wanawe wawili, Michael na Timothy, wauongoze pamoja. Nao wakavutana, kama alivyovutana yeye na Peter. Ukaja mdudu anayeshambulia mizizi ya mizabibu, mashamba yakahitaji kupandwa upya, na fedha zikatafutwa kwa kuuza hisa kwa umma mwaka 1993. Robert naye alikuwa mkarimu kuliko mfuko wake. Mwaka 2001 yeye na mkewe wa pili waliahidi Chuo Kikuu cha California, Davis, dola milioni 35. Mwisho wa mwaka 2004 kampuni yote ilinunuliwa na Constellation Brands kwa zaidi ya dola bilioni moja. Jina la ukoo likabaki kwenye chupa, mali ikawa ya wengine. Kiwanda cha Krug, cha yule aliyeshindwa mahakamani, kilibaki mikononi mwa wanawe, Marc na Peter mdogo.

Wahenga walinena, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Wazee hawa wawili walipatana, ingawa jua lilikuwa linazama. Walitengeneza pamoja pipa moja la mvinyo kwa zabibu za pande zote mbili, wakaliita kwa Kiitaliano Ancora Una Volta, yaani "kwa mara nyingine tena". Mwaka 2005 pipa hilo liliuzwa katika mnada wa hisani kwa dola 401,000. Robert alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 94, na Peter mwaka 2016 akiwa na miaka 101. Tangu ngumi ile hadi pipa lile ilipita miaka 40, na mavuno ya pamoja yalikuwa pipa moja tu.

Kazi yangu serikalini ni ya mafaili ya ardhi. Mara nyingi nafungua faili na kukuta hati ya marehemu baba, chini yake barua ya mtoto mmoja, na chini ya hiyo barua ya wakili wa mtoto mwingine. Nimejifunza kwamba wazee wetu wengi hurithisha shamba bila kurithisha namna ya kutofautiana. Ninyi vijana mlio madarasani leo mtarithi, na wengine mtarithisha. Semezaneni na wazazi wenu wangali hai juu ya nani ataamua, kwa utaratibu gani, na asiyekubali atatokaje bila kuvunja nyumba. Kisha yaandikwe.

Wala sisemi haya kama mtazamaji wa pembeni. Marehemu baba alituachia mimi na mdogo wangu shamba la kahawa la ekari nne. Shauri letu lilifika barazani, nami nikapewa haki. Tangu siku ile mdogo wangu hajakanyaga nyumbani kwangu, na miche niliyopanda upande wangu naipalilia peke yangu. Naye ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, alilala bweni lile lile nililolala mimi, na gazeti hili humfikia. Kama Mungu akipenda, likizo ya Desemba nitakwenda kwake mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Miaka 40 ni mingi mno kuingoja.