Viza ya kubadilishia ndege: Mtego kwa msafiri

MSAFIRI atokaye Machakos kwa barabara ya Mombasa huufikia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kabla ya kuingia jijini Nairobi. Ugumu u mbele.

Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja hadi New York Oktoba 28, 2018, lakini wengi waendao ng'ambo hubadilisha ndege njiani. Mkenya apitiaye London huhitaji viza hata asipotoka uwanjani, isipokuwa ana kibali kinachomwondolea sharti hilo, kama vile viza halali ya Marekani.

Asiye nayo huzuiwa Nairobi, jamaa waliomsindikiza wakiwa wangali nje. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni hatari zaidi: huenda akalazimika kupita uhamiaji kuchukua mizigo, jambo ambalo viza hiyo ya uwanjani hairuhusu.