Tulikula wapi Benaco?

Wakazi wa Dar es Salaam wana ubishi wao usiokwisha. Wakikutana watu watano kijiweni hawaachani mpaka wagombane juu ya mahali panapopikwa pilau ya kweli, au juu ya kibanda kipi cha Kariakoo chenye supu ya kumwinua mgonjwa kitandani. Mimi huwa nanyamaza. Wakinibana niseme langu, huwaambia kwamba mji mkubwa ambako nilipata kula vizuri kupita yote haupo tena, na kwamba ulikuwa wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Hapo hucheka. Ngara na mji mkubwa wapi na wapi?

Basi leo nitaueleza mji huo, na vibanda vyake vya chakula, na jambo moja ambalo limenikaa kooni tangu siku zile.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa ikikaribia Kigali. Alikuwa akirudi kutoka mkutano uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam, na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi alikufa pamoja naye. Mauaji yaliyofuata tunayajua. Tarehe 28 Aprili umati ulianza kumiminika juu ya daraja la Rusumo, na kwa muda wa kama saa ishirini na nne tu watu wanaokadiriwa kuwa laki mbili na zaidi walikwisha kuingia Ngara. Wilaya yenyewe haikufikisha watu laki mbili katika sensa ya mwaka 1988. Kwa maneno mengine, wageni walikuja usiku mmoja wakawa wengi kuliko wenye nyumba.

Waliwekwa penye kilima karibu na kijiji cha Kasulo, mahali ambapo kampuni ya ujenzi iliyotengeneza barabara iliwahi kuweka kambi yake na kuacha bwawa dogo la maji. Jina la kampuni hiyo likawa jina la mahali: Benaco. Wataliano wana ziwa lao kubwa liitwalo Garda, na jina lake la kale ni hilo hilo Benaco. Sijui wangapi kati ya waliogombania ndoo ya maji ya tope pale bwawani walijua kwamba wanaishi ndani ya jina la ziwa. Waandishi wa habari wa wakati ule waliuita mji wa pili kwa ukubwa nchini Tanzania, na hawakuwa wametia chumvi nyingi.

Mimi nilifika mwaka 1995 kwa lori, nikitokea Biharamulo. Njia ile ina desturi ya zamani ya kumtoza msafiri kabla hajala. Mwaka 1861 Mwingereza Speke na mwenzake Grant walipita katika nchi ya Usui, ambayo ndiyo Biharamulo tunayoijua, wakazuiliwa na mtemi Suwarora mpaka walipe hongo ya nguo na shanga. Wajerumani baadaye wakajenga boma lao pale Biharamulo, na boma bado limesimama. Sisi hatukutozwa shanga. Tulikula samaki wa Chato, sehemu ambayo siku hizo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Biharamulo, tukalala, na asubuhi tukashika njia ya Lusahunga na Nyakahura nyuma ya msururu wa malori ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mahindi yale yalikuja kwa reli hadi Isaka, na kutoka Isaka yakapakiwa barabarani.

Naomba nikae kidogo kwenye hao samaki. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Mei 1994, maiti zilikuwa zikiporomoka na maji ya maporomoko ya Rusumo, zikafuata mto Kagera mpaka Ziwa Victoria. Upande wa Uganda walizika maelfu kwa maelfu katika wilaya ya Rakai na jirani zake, na watu wengi huko wakaacha kula samaki kabisa. Dereva wetu alikuwa miongoni mwa waliokuwa hawajarudi. Usiku ule Biharamulo alisukuma sahani ya sato pembeni, akaagiza maharage, wala hakutoa maelezo. Mimi nilikula samaki wangu na wa kwake.

Sasa tuingie Benaco. Aliyetegemea kuona mahema yaliyopangwa kimya na watu wenye bakuli mkononi, angeshangaa. Kulikuwa na barabara kuu, na kando yake maduka, vinyozi, mafundi cherehani, wauza redio, na vibanda vya chakula visivyo na idadi. Ng'ambo ya pili, katika kambi za Goma nchini Zaire ya wakati huo, Umoja wa Mataifa ulipofanya hesabu ulikuta mabaa zaidi ya 2,300 na mikahawa 450. Za Benaco sikupata kuziona zimehesabiwa, lakini mtu angeweza kula mahali papya kila siku ya mwezi bila kurudia benchi.

Mjini kwetu twafikiri kibanda cha chakula hutokana na mtu mwenye fedha asiye na muda wa kupika. Benaco nilijifunza hesabu nyingine. Mgawo ulikuwa mahindi, maharage na mafuta. Mahindi mengi yalikuja punje, na kusaga kulihitaji fedha au sehemu ya mahindi yenyewe. Maharage yanataka moto wa saa kadhaa, na milima ya karibu ilibaki uchi katika miezi michache tu, hata wanawake wakawa wanatembea nusu siku kutafuta mzigo wa kuni. Kulikuwa na vijana na wanaume wengi wasio na mke wala dada wa kuwapikia. Chungu kimoja kikubwa cha maharage kwa watu hamsini kinakula kuni kidogo kuliko vyungu hamsini vidogo. Hapo ndipo mama lishe wa Benaco alipoanzia. Alinunua mgawo wa huyu na wa yule kwa bei ya chini, akapika mara moja, akauza kwa sahani.

Tena Mnyarwanda, kama walivyo jirani zake Wahangaza na Washubi wa Ngara, amezoea ndizi. Ugali wa mahindi kwake ni chakula cha shida. Kwa hiyo mahindi ya msaada yalitoka kambini kwa mlango wa nyuma yakaenda vijijini, na ndizi za wenyeji zikaingia, mikungu mitatu minne imefungwa juu ya baiskeli moja. Mkulima wa Kasulo ambaye zamani aliona ndizi zikiiva na kuoza shambani, sasa alifuatwa mpaka mlangoni. Wapo waliopanua mashamba yao, wakawaajiri wakimbizi kulima kwa ujira mdogo, wakaezeka bati. Wapo pia walioamka asubuhi wakakuta migomba imekatwa na mbuzi hayupo. Mjane asiye na shamba la ziada aliiona bei ya ndizi ikipanda tu. Wakubwa waliokuja na magari meupe walipenda kuuliza kama wakimbizi wameleta faida au hasara Ngara. Jibu lilitegemea wamesimama kwenye ua wa nani.

Kibanda nilichokipenda kilikuwa na kuta za turubai la Umoja wa Mataifa, na mlango wa madebe ya mafuta yaliyokunjuliwa na kupigiliwa misumari. Benchi mbili, meza moja. Palipikwa ndizi na maharage kwa mawese kidogo, pamoja na isombe, ambayo ndiyo kisamvu chetu kilichotwangwa mpaka kikalainika. Jioni nje ya kibanda palichomwa mishikaki ya mbuzi. Ndugu zangu, nimekula mishikaki Magomeni na Mombasa, lakini Wanyarwanda wanajua kumchoma mbuzi. Vipande vikubwa, chumvi, pilipili ya moto sana pembeni, na ndizi nzima iliyobanikwa kando ya nyama. Anayetaka kushushia alipata pombe ya ndizi, ambayo hata Wahangaza wanaijua vizuri.

Mbuzi alikuwa ghali. Siku nyingine nyama ilikuja bei nafuu, nyekundu zaidi na ngumu kidogo, ikapakuliwa baada ya giza kuingia. Nilipomuuliza mpishi ni nyama gani, alicheka akaniambia, "Kula mboga, kaka." Miaka mingi baadaye, mwaka 2008, shirika la TRAFFIC linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini lilitoa ripoti juu ya jambo hilo hilo, likaeleza kwamba wakimbizi wa kaskazini magharibi mwa Tanzania walikuwa na jina lao la nyama pori, lenye maana ya mchicha wa usiku. Ripoti ilikadiria kwamba katikati ya miaka ya 1990 tani kama 7.5 ziliuzwa na kuliwa kila wiki katika kambi kubwa mbili. Mgawo haukuwa na nyama, na mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo hayakuwa mbali. Mapori hayo, pamoja na la Kimisi, yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mimi nami nilichangia kuyapunguza, sahani mbili tatu.

Sasa lile lililonikaa kooni.

Watu wale walivuka Rusumo kwa vijiji na tarafa zao, na viongozi wao wakiwa mbele. Wakapangwa kambini hivyo hivyo, na mwanzoni chakula kiligawiwa kupitia viongozi hao hao. Ilikuwa rahisi na ya haraka, na watu wenye njaa hawasubiri. Lakini miongoni mwa viongozi hao alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Rusumo, ambako mwezi wa Aprili 1994 maelfu ya watu waliuawa katika kanisa la Nyarubuye. Alikuwamo pia Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa Murambi. Mwezi wa Juni 1994, ilipotakiwa aondolewe Benaco, umati uliwazingira watumishi wa misaada kwa mapanga na marungu. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia Gacumbitsi hatiani mwaka 2004 kwa miaka thelathini, na rufaa ya mwaka 2006 ikaifanya kifungo cha maisha. Gatete alihukumiwa maisha mwaka 2011, yakapunguzwa kuwa miaka arobaini mwaka uliofuata.

Kwa hiyo gunia la mahindi liliposhuka kwenye lori, kabla halijamfikia mama yule wa ndizi na maharage, lilikuwa limepita mikononi mwa nani? Aliyeandikisha watu wengi kuliko aliokuwa nao alibaki na magunia ya ziada, na magunia ya ziada ndiyo mtaji wa kufungua baa. Sikulifikiria hilo nilipokuwa nimekaa benchini. Nilifikiria pilipili. Jirani yangu mezani alikuwa mzee mpole wa miaka sitini hivi, aliyenisogezea chumvi na kunifundisha kuita isombe kwa matamshi yake. Tulikula pamoja siku nne. Hakuniambia alitokea wapi, nami sikumuuliza, kwa sababu Benaco mtu hakumuuliza mwenzake swali hilo juu ya chakula. Huenda alikuwa mkulima aliyekimbia kwa sababu kijiji kizima kilikimbia. Huenda hakuwa hivyo. Mama aliyetupikia namkumbuka kwa wema, na yeye pia simjui.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba wote waliokuwa pale walikuwa wauaji. Nakataa. Pale palikuwa na watoto wengi mno. Nimewasikia wengine wakiisimulia Benaco kama hadithi ya ushujaa wa wanyonge na biashara ndogo ndogo, na hao pia nawakatalia, ingawa nusu ya masimulizi yangu ya leo yanafanana na ya kwao.

Mji ule ulikufa kama ulivyozaliwa, kwa haraka. Mapema Desemba 1996 serikali yetu pamoja na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Tarehe 12 makumi elfu walitoka kambini, lakini wakashika njia ya mashariki, kuelekea ndani ya Tanzania, viongozi wao wakiwasukuma wasirudi Rwanda. Jeshi na polisi wakawazuia na kuwageuza. Siku chache baadaye daraja la Rusumo lilijaa tena, safari hii upande wa pili, na hadi mwisho wa mwezi karibu watu laki tano kutoka kambi za Ngara na Karagwe walikuwa wamevuka. Sikuwapo. Walioona waliniambia kwamba vibandani vyungu vilibaki mekoni, vingine na maharage ndani, na kwamba watu wa vijijini walikuja kuchukua turubai, madebe na benchi.

Wakimbizi wa Burundi walibaki Ngara miaka mingine mingi, katika kambi ya Lukole. Benaco yenyewe imebaki jina la njia panda. Pale barabara inagawanyika, moja inakwenda Rusumo, ambako kuna daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilivyozinduliwa mwaka 2016, na nyingine inakwenda Ngara mjini na mpaka wa Kabanga. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanasimama, na madereva wanakula.

Mara ya mwisho nilipopita niliagiza ndizi na maharage. Binti aliyeniletea alizaliwa baada ya mambo hayo yote. Nikamuuliza kwa nini mahali hapa panaitwa Benaco. Akafuta meza, akafikiri. "Ni jina tu, mzee," akasema, kisha akaniuliza kama naongeza pilipili. Niliongeza. Haikuwa kali kama ile.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia reli ya kati.