Feki, Bandia na Kughushi

Malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita Nyakahura, wilayani Biharamulo, yakielekea Ngara. Kihangaza cha Ngara na Kirundi ni ndugu wa karibu. Kwa kumsikiliza mtu tu ni vigumu kuapa kazaliwa upande gani wa mpaka. Basi huulizwa karatasi, na mwongo naye huhamishia uongo wake humo.

Mitaani uongo huo wote huitwa feki. Neno jepesi mdomoni, ila limebeba makosa matatu yasiyofanana.

Kwanza, hati bandia. Bandia ni mwanasesere: sura anayo, uhai hana. Ndivyo kilivyo kijitabu kilichochapwa na asiye na mamlaka. Chini ya mwanga wa urujuanimno, alama zinazopaswa kung'aa mara nyingi hazionekani.

Pili, hati halisi iliyochezewa: picha imebanduliwa, mwaka umekwanguliwa. Kifungu cha 333 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na kuchezea hati ya kweli nako kumo. Hapa hesabu humuumbua mtu. Mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti ina tarakimu za ukaguzi. Tarakimu za tarehe ya kuzaliwa 850412 huzidishwa mojamoja kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1; jumla ni 104, na tarakimu ya mwisho, 4, huandikwa pembeni. Geuza 85 kuwa 95, jumla inakuwa 111. Sasa inatakiwa 1, na ile 4 imebaki palepale ikishitaki.

Tatu, hati safi mikononi mwa asiyestahili. Hata pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa nchini 31 Januari 2018, haina dawa ya hili: wino ni wa serikali, chipu ni ya serikali, mashine inaipitisha. Uongo uliingia mapema, kwenye barua ya utambulisho ya kijiji au kiapo cha shahidi wa kuazima. Kuiita hati hiyo feki ni kumtafuta mchapaji wakati mkosaji ni aliyeapa na aliyegonga muhuri.

Mwandishi wa habari, taja kosa kwa jina lake. Nawe mtendaji wa kijiji, usimgongee muhuri mtu usiyemjua: pasipoti huanzia mezani kwako.